Chafya za Nomagugu

Kensington, Johannesburg
2 Septemba 1997

Mama mpendwa, MaMvelase,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili. Huku tu wazima, isipokuwa pua ya mjukuu wako Magugu, na hiyo pua ndiyo inayoniandikisha barua hii. Ningekupigia simu dukani kwa Khoza, lakini simu ile ukiongea nayo asubuhi, jioni Msinga nzima inakupa pole.

Shemeji yako alikuja hapa Jumamosi. Unajua simtaji jina. Mkamwana mwenye adabu hamtaji baba mkwe, na tangu mzee afariki, yeye ndiye baba. Alikaa kwenye kiti cha mume wangu Mthunzi, akanywa birika zima la chai, na kila Magugu alipopiga chafya alimwambia, "Kua, mwanangu!" kama tunavyosema sote. Chafya zilipozidi akaacha kusema hivyo. Aliweka kikombe chini, akamtazama mtoto kwa muda, kisha akamwambia Mthunzi, "Huyu anaitwa."

Basi ikawa hivyo. Mama mkwe wako, Nomagugu wa kwanza aliyekuwa sangoma, mganga anayesemeshwa na wazee waliotangulia, amemchagua kitukuu aliyerithi jina lake, na chafya ndizo hodi zake. Mtoto apelekwe Msinga, achinjiwe mbuzi, alale katika nyumba ya wazee hao, asirudi mjini mpaka aliyemwita aridhike. Mthunzi muda wote huo alikuwa anatazama televisheni. Televisheni ilikuwa imezimwa.

Kwa hiyo nilijibu mimi. Nilisema hapana, na naandika ili ulisikie neno hilo kutoka kwangu kabla hujalisikia likiwa limetiwa chumvi.

Mama, mtoto ana miaka minane na ana pumu. Nilimpeleka hospitali wakamdondoshea mkononi matone ya vitu mbalimbali, wakamchoma kidogo juu ya kila tone. Tone la paka, kimya. Tone la kuvu na tone la miti ya mtaani kwetu, pakavimba kana kwamba kaumwa na siafu. Miti yenyewe ni ile mirefu yenye magome ya mabaka, iliyopandwa pande zote mbili za barabara na watu waliotaka kivuli, wakaondoka, na kivuli wakatuachia sisi. Agosti ikiisha inatoa unga wa njano, daktari anauita chavua, na unga huo unaingia ndani hata ukiziba dirisha kwa taulo. Septemba nzima watoto wa mtaa huu wanapangusa pua kwa mikono ya sweta. Wote wanaitwa? Basi Msinga itajaa masangoma mpaka wakose wagonjwa.

Siwadharau wazee. Lakini mwanangu simtoi.

Mkamwana wako,
Qinisile MaShezi


Msinga
14 Septemba 1997

Mkamwana wangu MaShezi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Kila jioni unaitangazia nchi nzima habari za mvua redioni, nami nakaa hapa na majirani najivuna, nasema huyo ni makoti wangu, mke wa mwanangu. Mimi mwenyewe unaniletea habari za miti. Nimeiona miti, mwanangu. Nimekata mingi zaidi ya uliyoiona.

Nikueleze kitu ambacho shemeji yangu Bhekokwakhe hawezi kukueleza, maana wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa, tena nilimbeba mimi. Nilikuwa bibi arusi mpya katika boma hili mama mkwe wangu Nomagugu alipoanza. Alipiga chafya akichota maji. Alipiga chafya akisonga ugali, akapiga miayo mpaka taya zikalia. Mume wake alikuwa mtu wa kanisa na akakataa kusikia habari hizo. Basi mama mkwe akaanguka. Alilala kwenye mkeka misimu na misimu, akakonda mpaka bangili zikamtoka mikononi. Niliyemwosha ni mimi. Niliyemlisha uji kwa kijiko ni mimi. Siku waliyomkubalia aende kufundwa usangoma, aliinuka mwenyewe akaomba mafuta ya kujipaka.

Ndiyo maana naogopa. Simwogopi Bhekokwakhe, mtu uliyemfuta makamasi humwogopi. Naogopa kukataa, kwa sababu nimeona kukataa kunavyofanya.

Na jambo la mwisho. Watu usiowajua wanamchoma mtoto mkono mzima, nawe unakaa unatazama. Mimi nikitaka kumchinjia mbuzi mmoja, unapiga kelele mpaka Johannesburg inatetemeka.

Mlete wakati wa likizo. Nakuomba mimi, si Bhekokwakhe.

Mama yako,
MaMvelase


Kensington, Johannesburg
27 Septemba 1997

Mama,

Leo sisalimii kwanza.

Nilirudi kutoka redioni nikakuta begi jekundu la Magugu halipo na viatu vyake vya shule vimepangwa vizuri chini ya kitanda. Mthunzi nilikuwa nimemwuliza kama anampeleka kwa dada yake Pietermaritzburg, akaitikia kwa kichwa. Jirani aliyesaidia kupakia ndiye aliyenipa habari kwamba lori walilopanda liliondoka na mkeka mpya na blanketi la zawadi. Kwa dada hakupelekwi mkeka.

Mwanao akija hapo mwambie hivi: mke wake amesema kuongopa kwa mdomo uliofungwa ni kuongopa vilevile.

Magugu ana pampu mbili za pumu ndani ya begi. Ya kahawia anavuta asubuhi na jioni, hata akiwa mzima. Ya buluu ni ya kifua kikibana. Anajua mwenyewe, ila akiona wenziwe wanamtazama anaona haya, kwa hiyo mwite pembeni. Asifukiziwe majani. Asilale na mbuzi.

Shule inafunguliwa Oktoba, na siku hiyo nataka kumwona yuko darasani. Asiporudi nitakuja mwenyewe.

Qinisile


Msinga
8 Oktoba 1997

Mkamwana wangu,

Kaa chini usome hii ukiwa umetulia.

Hajapiga chafya. Tangu ateremke kwenye lori hajapiga hata moja. Siku ya kwanza nilifikiri ni uchovu wa safari. Siku ya pili nilimfuata nyuma kama polisi. Anapumua kwa pua, MaShezi! Mdomo ameufunga! Anakimbia na watoto wa jirani yetu Dladla mpaka mtoni na kupanda tena, na anarudi anadai chakula. Ile pampu ya buluu nimeifunga kwenye kitambaa nikaiweka.

Mbuzi amechinjwa. Magugu amevaa mkanda wa ngozi ya mbuzi huyo mkononi na anamwonyesha kila mtu, hata wasiouliza. Analala katika nyumba ya wazee, ile ya mviringo ya nyasi, nami nalala kando yake. Bhekokwakhe aliwasemesha wazee kwa sauti nzuri sana, lazima nikiri, ingawa alirefusha.

Sasa niambie, hiyo miti yako inasemaje?

Bhekokwakhe anasema jambo limeanza vizuri na lisikatwe katikati. Amemwandikisha shule ya misheni hapa hadi mwisho wa mwaka. Mthunzi amekubali, yaani hakusema kitu.

Najua utakuja umekasirika. Njoo. Chakula kipo.

MaMvelase


Kensington, Johannesburg
21 Oktoba 1997

Mama,

Nimefika salama kutoka kwenu. Nakuandikia yale niliyoshindwa kuyasema pale uani.

Nilikuja na begi tupu la kujazia nguo zake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Baba mdogo, huyo shemeji yako, mengine sitayaandika. Halafu Magugu akatoka nyuma ya zizi mbio, akanirukia, akanishika shingo. Nilisikia pumzi yake sikioni. Haikuwa na mluzi. Mama, tangu akiwa na miaka mitatu sijawahi kuisikia pumzi ya mwanangu bila mluzi katika mwezi wa kumi. Niliketi juu ya begi langu nikalia, nyote mkafikiri nalia kwa kushindwa. Baba mdogo alitabasamu. Nilimwona.

Kwa hiyo nisomeeni vizuri, wewe na yeye. Mtoto nimemwacha mimi. Hakunishinda mtu. Nimemwacha kwa sababu Msinga hakuna ile miti, na kwa sababu mbuzi wenu wamekula kila kitu mpaka hakuna jani lililobaki la kuchanua. Hewa yenu imekauka na ni safi. Mmemtoa kwenye chavua, shukrani mkampa mbuzi. Sawa, mpeni. Mimi nataka apumue tu.

Lakini kuna tone la pili, Mama, lile la kuvu. Nimerudi kwa daktari nikamweleza kila kitu, hata mbuzi. Hakucheka. Aliniuliza kitu kimoja: analala chini ya paa gani? Nikamwambia la nyasi, la zamani. Akasema hewa ikiwa kavu si neno, ila nyasi za paa zikilowa zinaota kuvu, na kuvu ina unga wake usioonekana, unaruka mvua inapoanza na ngurumo zinapopiga. Kwa Magugu huo ni mbaya kuliko wa miti. Nilipoinama kuingia mle ndani nilisikia harufu ile. Na wewe unaijua, ni harufu ya gunia la mahindi lililosahauliwa.

Nakuomba jambo moja tu. Mvua ya kwanza ikidondoka, mtoe Magugu katika nyumba ya wazee. Alale kwenye nyumba yako ya bati. Niandikie kwamba umekubali.

Qinisile


Msinga
18 Novemba 1997

Mkamwana wangu MaShezi,

Mvua imekuja, na imekuja kwa fujo. Mto umepanda, daraja la chini halipitiki, na mboga za porini zimejaa hadi mlangoni, nachuma nikiwa nimesimama kizingitini. Mahindi yametoka. Ng'ombe wa Dladla alipigwa na radi, tukala nyama bila hamu.

Magugu hajambo. Ana kamafua kidogo. Hawa watoto wa lami wakikanyaga tope tu wanakohoa. Anakohoa kama kale kambuzi kenye kengele, tumempa jina hilo. Usiku siku hizi halali chali, anakaa kitako na mto mgongoni kama mjane kwenye mkeka wa matanga. Tunamtania, naye anacheka, ila hacheki sana maana kicheko kinamkatikia. Bhekokwakhe anasema ni dalili nzuri, anayeitwa hulala kidogo. Wiki hii hajaenda shule kwa sababu ya tope. Ile pampu ya buluu nilimtolea, lakini naona imekwisha, ukiibonyeza inatoa pumzi tupu. Usihangaike kutuma nyingine, Krismasi haiko mbali.

Nimepika dumba, yale magimbi anayoyapenda, amekula moja.

Mbona redioni siku hizi unasoma haraka hivyo? Majirani wanauliza nani anakufukuza.

MaMvelase


Kensington, Johannesburg
Jumanne, 25 Novemba 1997

Kwa MaMvelase na kwa Bhekokwakhe Ngubane.

Nimeliandika. Kama mnafikiri kalamu imeteleza, naliandika tena: Bhekokwakhe Ngubane. Miaka kumi nimelizunguka jina hilo kama shimo njiani. Leo napita juu yake.

Mtoto anayelala kitako. Mtoto ambaye kicheko kinamkatikia. Mtoto wa kula dumba moja, yeye aliyekuwa anamaliza sufuria. Mama, umeniandikia mzaha, lakini ulichonieleza ni pumu tangu mwanzo wake hadi karibu na mwisho wake. Nimesoma sikucheka. Nilikuomba kitu kimoja tu kuhusu nyumba ile, na ukanijibu habari za mto, mboga, na ng'ombe wa Dladla. Kwa hiyo najua bado analala mle.

Dereva wa basi la leo anayo barua hii na pampu mbili mpya. Ya buluu itikise, mwambie atoe pumzi yote, bonyeza avute polepole, abane pumzi. Rudia. Asipopata nafuu usingoje mtu amalize kuomba wala kufukiza. Hospitali.

Ijumaa nafika. Nimeomba ruhusa redioni wakanikatalia, kwa hiyo nakuja bila ruhusa. Na sitapiga magoti langoni. Nitaingia nimesimama.

Qinisile, mama yake Nomagugu


Msinga
9 Desemba 1997

MaShezi,

Pale hospitali tulikaa benchi moja wewe na mimi, tukamtazama mtoto kupitia kioo. Ulinipa nusu ya mkate wako bila kunitazama. Nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa, na kwa sababu ulikuwa wa mkono wako. Sasa mmeondoka naye, na boma limekuwa kimya mpaka kuku wananikera. Acha niseme.

Nilijua. Hukukosea. Barua yako ya Oktoba niliielewa vizuri sana, na harufu ile naijua tangu hujazaliwa. Lakini kila nilipotaka kumhamisha niliwaza mkeka wa mama mkwe wangu, na bangili zikimtoka mikononi. Nikasema akae kidogo, labda inapita. Nikakuandikia mzaha. Nilitaka uniambie kwamba ni mzaha kweli.

Barua yako ya mwisho ilifika Jumatano. Nilikwama kwenye mistari ya kwanza. Makoti ameandika jina la baba mkwe wake, tena mara mbili! Nikaisoma hadi mwisho, nikaikunja. Nikajiambia, MaShezi si mtu wa kukosa adabu kwa sababu ya kikohozi tu, jambo hili ni zito. Nikazificha zile pampu mfukoni mwa aproni, kwa sababu Bhekokwakhe alikwisha kusema vitu vya mjini vinawakera wazee.

Alhamisi mchana zilipiga ngurumo nilizokuwa sijazisikia tangu mume wangu azikwe. Mvua ikavuja ndani ya ile nyumba. Bhekokwakhe alikuwa mle na mtoto, amefukiza, ameshika fimbo, anawasemesha wazee. Niliingia kuleta beseni. Magugu alikuwa ameinamia magoti, mabega yanapanda na kushuka, hasemi. Akaniangalia. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

Bhekokwakhe akanizuia kwa mkono. Akasema, "Usimguse, shemeji, anapandwa na wazee. Ndiyo saa yenyewe."

MaShezi, mimi ndiye mtu pekee aliye hai aliyemwona Nomagugu akiitwa. Nilikuwapo. Alipiga chafya, alipiga miayo, alilia, aliimba nyimbo asizojua. Lakini pumzi alikuwa nayo! Aliimba mpaka tukaziba masikio. Wazee wakimtaka mtu wanamtaka akiwa na sauti, la sivyo watasema kwa mdomo gani? Nilimwambia Bhekokwakhe hivyo hivyo. Akasimama mlangoni. Nikamwambia, "Nilikubeba mgongoni ukiwa unanuka mkojo. Toka mlangoni." Hakutoka. Nilimsukuma kwa bega akakaa kwenye beseni.

Nilimtoa mtoto nje nikampa pampu chini ya mvua, kama ulivyoandika. Atoe, avute, abane. Nilikuwa namhesabia kwa sauti na mimi mwenyewe nimebana pumzi, karibu nianguke. Rangi ikarudi kidogo. Kisha gari la misheni, kisha hospitali, mengine unayajua.

Haya ambayo huyajui. Mlipoondoka niliwaita wanawake wa boma na mke wa Dladla. Tumepanda kwenye nyumba ya wazee tukaivua paa. Ndiyo, mimi, na miguu hii. Nyasi za ndani zilikuwa nyeusi, zinashikana kama sufu iliyolowa, na vumbi lake lilitufanya wote tupige chafya mpaka tukacheka. Hakuna aliyeitwa. Wiki ijayo naezeka bati.

Bhekokwakhe alikuja anapiga kelele. Alisema wazee hawawezi kukaa chini ya bati. Nikamwambia wamekaa chini ya udongo miaka yote hii na hawajalalamika.

Mwambie Magugu kengele ya kambuzi nimemwekea.

MaMvelase


Kensington, Johannesburg
12 Januari 1998

Mama mpendwa,

Barua yako nimemsomea Magugu. Pale pa beseni alitaka nirudie, nikarudia, akataka tena. Anapumua. Ameongezeka nyama. Mkanda wa mbuzi bado anao mkononi, hataki uguswe, na mimi sigusi, utadondoka wenyewe siku yake ikifika.

Nilikuchukia, Mama. Naandika kwa sababu imekwisha. Ilikwisha niliposoma kwamba wewe na mke wa Dladla mlipanda juu ya paa.

Lakini jambo lenyewe halijaisha. Shemeji yako amemwandikia Mthunzi kwamba kazi ya wazee imekatwa katikati, na kwamba kabla ya Pasaka anakuja kumchukua mtoto kwa nguvu ya ukoo. Mthunzi alisoma, akaiweka barua juu ya televisheni, safari hii televisheni ikiwa inaongea, akasema, "Akija, mimi nitakuwa nyumbani." Kwake hiyo ni hotuba.

Sikiliza ninavyotaka. Magugu ataishi hapa na kusoma hapa. Miti yetu ikikaribia kutoa unga wake, mwezi wa nane, nitamleta mwenyewe kwako, mkono kwa mkono, asome ile shule ya misheni hadi unga uishe. Mvua zenu zikikaribia namfuata. Hewa ya mjini ina msimu wake wa ubaya, na ya kwenu ina wake. Tutampitisha katikati. Mwanangu hatawekwa mahali ili mtu mzima mwingine apate kushinda.

Redioni wameniandikia onyo kwa sababu ya ile Ijumaa. Nimelibandika ukutani jikoni. Na nimeanza kitu: nikimaliza mvua na joto nataja na hewa, kama ina chavua, kama ina kuvu, na wapi. Mkubwa wangu anasema wasikilizaji wanataka kujua kama wachukue mwavuli, basi. Nimemwambia mwavuli hauzuii hiki. Mpaka anifukuze, nitasoma. Tega sikio Ijumaa.

Nakusalimu kwa goti moja. La pili nitalileta Agosti.

Qinisile wako


Msinga
15 Februari 1998

Mkamwana wangu,

Tumesikia Ijumaa. Tumesikia Ijumaa zote. "Msinga mvua, kuvu nyingi, wenye watoto wa pumu wasiwalaze chini ya nyasi zilizolowa." Mke wa Dladla amemhamisha mjukuu wake. Uliposema salamu kwa mama mmoja aliyevua paa, Bhekokwakhe alikuwa ameketi hapa hapa, akanyoosha mkono azime. Redio niliiweka mapajani, nikamtazama.

Sasa subiri nikupe habari yake, na usiipeleke redioni.

Tulipovua zile nyasi tulitaka kuzichoma. Akakataa, akasema wazee wamezilalia vizazi na vizazi, hazichomwi kama takataka. Akazibeba zote kwa toroli hadi kwake. Akazipanga chumbani, kando ya kitanda chake, ili wazee wasikose pa kulala mpaka nirudiwe na akili. Nikamwacha. Nilikwisha kusema na mimi nimechoka.

MaShezi, anapiga chafya! Kuanzia alfajiri. Anapiga akiongea, anapiga akila, juzi alipiga kwenye mkutano wa chifu mpaka kofia ikamtoka. Macho mekundu, pua imevimba. Mara za kwanza watu walimwambia "Kua, Ngubane, kua!" Zilipozidi wakaanza kutazamana, kama yeye alivyomtazama mtoto wako. Jumapili iliyopita, ukoo wote umekaa, amekuja kutangaza siku ya kwenda Johannesburg kumchukua Magugu. Alifungua kinywa, na ikatoka ya kwanza, ikatoka ya pili, zikafuatana mpaka akashika ukuta.

Nikangoja amalize. Nikasema mbele yao wote, kwa adabu, nimepiga na magoti, "Baba mdogo, tumesikia. Unaitwa. Mbuzi yupo, na mkeka nitakufumia mimi. Utalala katika nyumba ya wazee, nimeshaiezeka, hutarudi kwako mpaka aliyekuita aridhike. Tuanze lini?"

Mke wake alijifunika uso kwa shali, mabega yanamtikisika.

Alipangusa pua. Alipangusa macho. Akasema, "Haya ni mafua tu."

Habari ya Johannesburg haikutajwa tena, wala siku hiyo wala baadaye.

Bati liko juu, na mvua ikinyesha linapiga kelele nzuri. Mlete mwezi wa nane.

Mama yako,
MaMvelase